Moduli za Kiini cha Linux: Kuzikagua na Kuzipakia

Makala haya yananuia kueleza namna ya kukagua na kupakia moduli katika tarakilishi inayotumia Linux, mfumo ambao kiini chake kilibuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991.

Kiini ndicho husimamia kumbukumbu na vifaa vyote vya tarakilishi. Hata hivyo, baadhi ya kazi zake huwekwa katika moduli, yaani vipande vya programu vinavyoweza kuongezwa au kuondolewa bila kuizima mashine. Mathalani, diski ya USB isipotambuliwa, huenda moduli iitwayo usb-storage haijapakiwa.

Kwanza, andika lsmod. Orodha itakayotokea huonyesha jina la kila moduli, ukubwa wake kwa baiti, na idadi ya wanaoitumia. Pili, andika modinfo usb-storage ili ujue kazi ya moduli hiyo na nyingine inazozitegemea. Tatu, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, andika modprobe usb-storage. Amri hii huzipakia pia moduli tegemewa. Insmod haifanyi hivyo, nayo hukwama tegemeo likikosekana. Hatimaye, rudia lsmod. Jina litaonekana kama usb_storage. Pakiwa na hitilafu, soma dmesg.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakimudu taaluma hii. Katika somo hili, ni amri na majina ya moduli tu yaliyobaki katika umbo la kigeni, kwa kuwa mashine haielewi vinginevyo. Jukumu letu wanafunzi ni kuyatumia maneno haya maabarani hadi yazoeleke.