Mkaa wa taka: Usitupe vifuu, lakini vichome ipasavyo



Katika nyumba nyingi za Pwani, vifuu vya nazi hutupwa jalalani, na chenga za mkaa hufagiliwa pamoja na takataka. Hiyo ni israfu, kwani vyote hivyo huweza kuwa mkaa wa kupikia. Lakini mkaa wa taka uliotengenezwa ovyo hujaza moshi jikoni, na wa kwanza kuumia ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni. Ubora wake hutegemea mambo manne.

Kwanza, aina ya taka. Vifuu, magunzi ya mahindi na chenga vinafaa. Plastiki, betri na mbao zenye rangi visitiwe kabisa, kwani moshi wake una sumu. Mabaki ya chakula yana maji mengi. Hayo yafanywe mbolea.

Pili, uchomaji. Choma vifuu vikavu nje, ndani ya pipa lenye hewa kidogo. Moshi mzito mweupe ukipungua sana, funika pipa kabisa mpaka lipoe. Kifuu kilichoiva huwa cheusi mpaka ndani. Cha kahawia bado. Kitatoa moshi jikoni.

Tatu, mchanga na uji. Mchanga hauungui, huongeza jivu na kupunguza moto. Tia konzi ya chenga katika maji: mchanga utazama. Kisha twanga mkaa, chekecha, na ukande kwa uji wa muhogo. Kilo 10 za unga wa mkaa zinatosha nusu kilo hadi kilo moja ya unga wa muhogo. Ukipungua, matonge yatamomonyoka. Ukizidi, yatatoa moshi.

Nne, ukavu. Finyanga matonge kwa kuyakandamiza sana, uyaanike juani siku kadhaa. Vunja moja: likiwa bichi ndani, endelea kuanika.

Tahadhari kubwa: hata mkaa ulio bora hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu na huua watu wakiwa usingizini. Basi jiko linalowaka lisilazwe chumbani, hata kwa kumpasha joto mama aliyejifungua. Mtu akipatwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni nje upesi na mumpeleke hospitali.

Kuokoa fedha ya mkaa ni jambo jema, lakini nafsi ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.