Kuitengeneza Mita Kongwe ya AVO

Mita za AVO za Uingereza zilianza kuuzwa mwaka 1923, na Model 8 ikaacha kuundwa mwaka 2008. Jina lake ni herufi za mwanzo za ampea, volti na omu. Basi ikitujia mbovu, tuanzie wapi?

Tuchomoe waya zote, kisha tuijaribu kwa betri nzima. Ikisoma volti lakini omu haisomi, ubovu huenda ukawa kwenye betri zake, kwani volti hazihitaji betri ya ndani. Betri ni mbili, ya volti 1.5 na ya volti 15. Hii ya pili ni adimu. Betri tano za kidonge za volti 3 zikipangwa mfululizo hutosha. Kutu ya kijani kwenye vishikio tuikwangue taratibu.

Ama koili ya mshale, tuiogope. Mita hii ina omu 20,000 kwa kila volti, maana yake mikroampea 50 tu huupeleka mshale hadi mwisho. Tusiipime koili kwa mita nyingine upande wa omu. Tena tufungulie juu ya kitambaa safi, mbali na vumbi la chuma, kwa sababu sumaku hulivuta na mshale hukwama.

Umeme wa nyumbani hupitia rektifaya, betri haipitii. Kwa hiyo mita yaweza kusoma betri sawasawa, ikaonyesha sifuri kwenye soketi yenye volti 230. Fundi akiiamini, atashika waya wenye moto.