Kirai cha nomino "nafasi": kivumishi na kihusishi

Tuseme tangazo limebandikwa katika soko la Mpondwe, Bwera: "Nafasi nzuri za kazi kwa vijana." Nomino nafasi, ya ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika wingi, kivumishi nzuri vilevile. Idadi hubebwa na kihusishi cha a-unganifu peke yake. Katika mazungumzo ya mpakani ya husikika pote, hata penye wingi. Ikiandikwa hivyo tangazoni, msomaji anaweza kuelewa kuwa nafasi ni moja tu. (Kwa haina upatanisho, hivyo haisumbui.)

"Nafasi ya kazi nzuri" ina utata: kipi kizuri? Mwalimu akiweka mafunzo badala ya kazi, upatanisho hujibu: mafunzo mazuri, nafasi nzuri.

Zoezi: Andika tangazo hilo ukianza na mradi, kisha miradi.