Osiloskopu ya Sampuli: Mlango Wake ni Dhaifu



Karakana ya redio huweza kupewa mashine nzee za maabara. Moja yazo ni osiloskopu ya sampuli. Kwa nje ni kubwa, nzito, imejaa vifundo. Lakini mguso mmoja usio wa uangalifu waweza kuiharibu. Basi tujifunze kabla ya kugusa.

Kazi yake

Osiloskopu huchora kwenye kioo jinsi volti zinavyopanda na kushuka. Miaka ya 1960 kulikuwa na ishara za kasi mno, amplifaya za wakati ule hazikuweza kuzifuata. Wahandisi wa Marekani wakatumia njia ya kuchukua sampuli. Hewlett-Packard ilitoa yake, 185A, mwaka wa 1960.

Fikiria gurudumu la mashine ya kusaga mahindi, lenye alama ya chaki. Linazunguka mbio, alama huioni. Sasa fumba macho, ufumbue mara moja tu kwa kila mzunguko, na kila mara uchelewe kidogo zaidi. Baada ya mizunguko mingi utakuwa umeona safari yote ya alama, polepole. Ndivyo mashine hii inavyofanya. Kwa hiyo ishara lazima ijirudie. Ikitokea mara moja tu, haitaonekana.

Ndani kuna nini?

1. *Kianzishi.* Hutambua kwamba mzunguko mpya wa ishara umeanza.
2. *Kichelewesho.* Volti inayopanda mbio hulinganishwa na nyingine inayopanda ngazi kwa ngazi. Zikilingana, amri hutolewa. Ngazi ikipanda, amri huchelewa kidogo.
3. *Mlango wa diodi.* Amri hufungua diodi kwa kitambo kidogo sana. Kapasita ndogo hunasa volti, mlango unafungwa.
4. *Amplifaya na kumbukumbu.* Hukuza volti ile na kuishika mpaka sampuli ifuatayo. Kwenye kioo inakuwa nukta moja. Nukta nyingi hufanya mchoro.

Kwa nini mlango ni dhaifu?

Tektronix ilitengeneza vichwa vya sampuli kama S-1 na S-4. S-4 huonyesha badiliko la picosekunde 25. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri milimita 7 na nusu tu! Ili diodi iwe na kasi hiyo, sharti iwe ndogo sana, na kidogo hakibebi mzigo mkubwa. Mwisho wake ni volti 5. Mawe manne ya redio, kila moja volti 1.5, ni volti 6. Yaani hata mawe ya redio yamepita kipimo!

Viunganishi

S-1 ina kiunganishi cha GR874. Hakina dume wala jike: viwili vinavyofanana husukumwa vikashikana. S-4 ina kidogo cha nyuzi, SMA. Zungusha nati peke yake. Ukizungusha waya, pini ya katikati inasagika. BNC husukumwa, kisha huzungushwa robo.

Njia yote iwe ya omu 50. Waya wa antena ya televisheni ni omu 75, haufai. Ishara ikifika mahali omu zinapobadilika, sehemu yake hurudi nyuma kama mwangwi, na kioo kitaonyesha ngazi za uongo.

Kabla ya kuunganisha

- Pima kwanza kwa mita. Zikipita volti 5, acha.
- Kama huna hakika, tanguliza kipunguzi cha mara 10, nacho kiwe cha omu 50.
- Gusanisha waya wa katikati wa kebo na ganda lake. Kebo iliyolala mezani huweza kushika umeme tuli, na huo unatosha kuua diodi.
- Gusa chuma cha mashine iliyounganishwa na ardhi kabla ya kugusa kiunganishi.
- Usifungue kifuniko bila fundi mwenye ujuzi. Neli ya kioo hutumia maelfu ya volti, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Hapo anayeumia si diodi, ni mtu.

Mjadiliane

1. Kwa nini mashine hii haiwezi kuonyesha ishara isiyojirudia?
2. Katika karakana yenu, nani atapima volti kwanza, na nani atahakikisha amepima?