Asali kwenye kidonda

Swali: Nauza samaki Konyo Konyo, Juba. Kisu kimenikata kidole. Jirani asema nipake asali au mwarobaini. Nifuate?

Jibu: Osha kwanza kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, utoe magamba yote. Asali huua bakteria kweli: sukari yake huwanyonya maji, ina asidi, tena hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Lakini ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama. Ya sokoni, ndani ya chupa iliyokwisha kunywewa soda, sikushauri. Mwarobaini una sifa maabarani, ila majani yaliyotwangwa juu ya jiwe lenye vumbi yaweza kukuletea pepopunda. Funga kitambaa safi, kachomwe sindano ya pepopunda. Kidole kikivimba au kutunga usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo.