Kufundisha Madirisha ya Kompyuta: Tuanze na Meza ya Mwalimu

Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha akiwa na somo la kompyuta hushawishika kuanza na vifungo: bofya hapa, bofya pale. Wanafunzi humfuata, na kipindi hupita salama. Juma la pili hawakumbuki lolote. Hapa tunapendekeza njia nyingine, ambayo katika kipindi cha kwanza haihitaji hata umeme.

Neno “dirisha” lenyewe huleta utata. Dirisha analolijua mtoto limejengwa ukutani. Halihami, wala haliwezi kulalia jingine. Tena ukilifunga, mwembe ulioko uani hubaki pale pale. Dirisha la kompyuta huvutwa, hupanuliwa, na hufunika mengine. Na likifungwa kabla ya kazi kuhifadhiwa, maandishi yaliyomo huweza kupotea kabisa.

Katika ukaguzi mmoja wa mazoezi tulimwona msichana wa darasa la tano akimwandikia shangazi yake barua. Alibofya alama ya kistari, dirisha likatoweka. Akadhani barua imefutika, akaanza upya. Likatoweka tena. Mwisho wa kipindi zilikuwamo barua tatu, zote nzima, zimejificha kwenye upau ulio chini ya skrini, naye analia. Mwanachuo wetu, kwa nia njema, akayafunga madirisha yote; kompyuta ilipouliza kama ahifadhi, akajibu hapana. Sasa barua zikapotea kweli. Hakuna aliyekuwa amemweleza, wala yule mtoto, kwamba kupunguza si kufunga.

Waliobuni mpangilio huu waliiga meza ya ofisi. Watafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, waliitumia kompyuta yao ya Alto, ya mwaka 1973, kuonyesha madirisha yanayolaliana kama karatasi mezani. Mwaka 1984 Macintosh ya kampuni ya Apple ikawafikishia wanunuzi wengi zaidi. Windows ya kwanza ya Microsoft, mwaka 1985, iliyapanga madirisha ya programu ubavu kwa ubavu tu. Kulaliana kulikuja katika toleo la 1987. Basi tusimwone mzito mtoto anayekawia kulizoea jambo hili.

Kwa hiyo, ondoa kila kitu juu ya meza yako. Hilo ndilo eneokazi. Weka karatasi tatu: ya Hisabati, ya Sayansi na ya barua, ya barua ikiwa juu. Uliza: “Ya Hisabati imekwenda wapi?” Watoto watacheka, kwa kuwa jibu ni dhahiri: ipo chini. Sasa isukume ile ya barua hadi ukingoni mwa meza, ionekane ncha tu. Huko ni kupunguza. Kisha itie ndani ya jalada kabatini. Huko ni kuhifadhi. Mwisho chukua karatasi nyingine iliyoandikwa, uiondoe mezani bila kuitia jaladani, uichane mbele yao. Usione haya kuichana. Kitendo hiki hawatakisahau.

Katika kipindi cha pili, hata kama kompyuta ni moja, mtoto mmoja ashike kipanya na wenzake watabiri kabla hajabofya. Katika Windows vifungo vitatu viko juu kulia: kistari hupunguza, mraba hupanua dirisha lijaze skrini, na mkasi hufunga. Katika Macintosh viko kushoto. Watoto huuogopa mkasi kwa sababu wanaujua kuwa alama ya kosa katika madaftari yao, na woga huo una manufaa yake.

Katika upimaji usimwambie mtoto ataje sehemu za dirisha. Fungua madirisha mawili, punguza lenye barua, kisha mwambie: “Nirudishie barua ya shangazi.” Atakayeanza kuiandika upya, mrudishe kwenye meza na karatasi zake.