Tanga Jipya au Mshika Usukani?

Wanafunzi wa chama chetu cha ngalawa wameniuliza kama fedha walizotoa wazazi muhula huu zinunue tanga jipya. Wengine wamekwisha kuanza kusogeza mlingoti, leo mbele, kesho nyuma, wakidhani ya kuwa tulishindwa mashindano yaliyopita kwa sababu ya chombo. Mimi nilikuwa ufukoni siku ile nikitazama kwa darubini, na sikuona hivyo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme boya la kuzungukwa liko maili 1 mbele, nao upepo unatoka huko huko. Ngalawa haiwezi kuukabili upepo moja kwa moja. Hapana budi ibishe, mara upande huu, mara upande ule. Ikishika nyuzi 60 kutoka upepo unakovuma, itakwenda maili 2 kabla ya kufika. Sasa mshika usukani akizubaa, akaiacha ipotoke nyuzi 5 tu, zikawa 65, njia yake huwa maili 2.37. (Wanaojua kosaini na wahakikishe.) Ni kweli kwamba chombo kikipotoka hivyo huongeza mwendo, lakini ili kulipa hasara hiyo ingebidi kiende kasi zaidi kwa asilimia 18. Chetu hakikufanya hivyo, na mshika usukani alizubaa mara nyingi.

Tena demani, yaani kamba ya kuvutia tanga, ilikazwa mno tangu mwanzo mpaka mwisho. Tanga la namna hiyo hupendeza macho, kumbe lasukuma chombo ubavu kuliko mbele. Legeza demani mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kupigapiga, kisha kaza kidogo tu. Upepo ukigeuka, fanya tena. Kazi hii haina mwisho, na labda ndiyo sababu watu hupenda zaidi kusogeza mlingoti pwani.

Paul Elvstrøm wa Denmark alipata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki mara 4 mfululizo, tangu 1948 hata 1960. Mara 3 za mwisho aliendesha mashua ndogo iitwayo Finn, na mashua hizo zilitolewa na wenyeji wa michezo. Hakuja na yake. Nyumbani alikuwa akijizoeza kuegemea nje ya benchi ili mapaja yake yapate nguvu. Hata hivyo baadaye alikuwa mshona matanga mashuhuri, basi nami sidharau tanga jema.

Jambo moja la chombo lifanyike kesho: kukikwangua chini, maana pameota majani. Jumamosi tutaazima ngalawa ya pili. Tutashindana, kisha mabaharia wabadilishane vyombo, tushindane tena. Ikiwa mabaharia wale wale watatangulia mara zote mbili, fedha zikae sandukuni. Ikiwa ngalawa ile ya kuazima ndiyo itakayotangulia mara zote mbili, nitatia sahihi ya kununua tanga siku hiyo hiyo.